Mguso wa Kwanza

Saa nane usiku, Wete, chumba cha nyuma cha ofisi ya malipo ya karafuu.
Kiyoyozi kinakohoa, na seva imekuwa nzito
kama mtu aliyeambiwa ahesabu mchele punje punje.
Kesho watu wa Mtambwe na Konde watapanga foleni,
stakabadhi za mizani mkononi,
na Shaame wa dirishani atanitazama mimi, si mashine.

Nikachungulia ndani.
Bongo mbili, kila mmoja na ghala lake la kumbukumbu ubavuni,
kati yao njia nyembamba ya shaba.
Ghala la kwanza limefurika hadi mlangoni.
La pili tupu, ungeita ungejibiwa na mwangwi.
Na ubongo wa pili, maskini, kila ukitaka tarakimu moja
unavuka, unagonga, unasubiri, unarudi.

Nikacheka peke yangu. Njia hii naijua kwa nyayo.

Baba alikuwa na nyumba mbili:
kwa mama yangu, Selem, na kwa Bi Mize, Utaani.
Si mbali. Mate ya tambuu hayajakauka umeshafika.
Lakini mtumwaji nilikuwa mimi.
"Subira, kalete miwani, nimeisahau kule."
"Subira, mbuzi ya nazi imebaki kwa mama yako mdogo."
Hatua mia tatu kwenda, mia tatu kurudi,
nazi imeshapasuliwa inangoja,
baba kafunua kitabu anangoja.
Jina langu ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Na kwa nini kitu kikae huku, kisikae kule?
Hakuna aliyepanga. Kilipotuliwa mara ya kwanza, hapo pakawa kwao.
Kiini cha seva nacho ndivyo kilivyo:
hakitoi ukurasa mpaka mtu auguse,
na augusaye kwanza, ghalani kwake ndiko utakakolala,
hata kama umri wake wote utatumiwa na mwingine.
Jana umeme uliporudi, programu moja iliyowahi kuamka
ilipapasa kurasa zote, ikaandika sifuri, sifuri, sifuri,
kisha ikawaachia wenzake kazi.

Kiini si mjinga, huvizia.
Huufunika ukurasa kione nani atauulizia;
akiwa wa ng'ambo, huuhamisha ukakae naye.
Mama alifanya vivyo hivyo: safari ya tatu ya ile mbuzi
akaisukumia uvunguni, isirudi tena Utaani.
Ila kuhama nako ni mzigo,
na usiku haukopesheki.

Nilipofika mstari wa mwisho wa mipangilio, mkono ukasita.
Kuna mtu (mimi, mwaka juzi, nikijiona fundi)
aliyeifunga programu ya malipo kwenye ghala moja tu.
Usiombe upande wa pili. Pakijaa,
kiini kichague mmoja, kimuue.

Mwaka karafuu zilipogoma kuzaa,
Utaani paliisha unga.
Selem palikuwa na magunia mawili, nimeyakalia mwenyewe.
Lakini baba alikuwa ameapa: cha huku hakivuki, cha kule hakivuki,
na kiapo hicho akikiita uadilifu.
Talaka akaiandika kwa kalamu ileile ya hesabu za duka.
Bi Mize akaondoka na sanduku lake la bati
asubuhi, kabla sijaamka,
na mimi sikutumwa tena popote.

Nikaifuta amri. Nikaandika nyingine:
anza na cha ubavuni; ukikosa, vuka.
Kuchelewa hakuui.
Nikaizima, nikaiwasha,
na safari hii kila ubongo ukaamka ukagusa zake.

Saa tatu Shaame akafungua dirisha, foleni ikasogea,
vidole vyeusi kwa makonyo vikatia sahihi.
Hakuna aliyenitazama. Nikashukuru.

Ile mbuzi ya nazi iko mpaka leo chini ya kitanda cha mama,
meno yameshika kutu.
Bi Mize nasikia yuko Mkoani.
Si mbali.